Karatasi nyeusi na taa za sambaza

Maneno ya siku ya kwanza kwa wanaoanza kuchora kwa rangi za maji, Goma

Jambo yenu nyote. Wamama, wababa, vijana, na ninyi watoto mliokaa chini hapa mbele, karibuni sana. Naona kuna waliosimama mlangoni. Ingieni, mabenchi ya nyuma bado yana nafasi. Na wewe yaya mwenye mtoto mgongoni, usiwe na wasiwasi, akilia tutambembeleza pamoja.

Kila mmoja ana karatasi nyeusi mbele yake. Nimewaona wengi mkiigeuza mkitafuta upande mweupe. Haina upande mweupe. Nimeichagua kwa makusudi, na sababu yake mnaikanyaga kila siku. Sisi wa Goma tunaishi juu ya weusi. Ukuta wa nyumba ni makoro, yale mawe meusi ya lava iliyopoa, uwanja ni makoro, mtoto akianguka anachunika goti kwenye makoro. Na juu ya weusi huo tazameni rangi zinavyojitokeza: bidoni ya manjano kando ya njia, nyanya zilizopangwa mafungu juu ya gunia, kitenge kilichoanikwa kwenye ukuta wa mawe. Mgeni akifika anasema mji wetu ni mweusi. Mimi nimekulia hapa, na sijaona mahali ambapo nyekundu ni nyekundu kama juu ya makoro ya Goma mvua inapomaliza kunyesha.

Kwa hiyo karatasi hii ni ardhi yetu. Tunachotafuta leo ni namna ya kuifanya ipokee rangi, maana rangi za maji na karatasi nyeusi hazipatani hivi hivi tu.

Nianze na jina, limewapoteza wengi. Ukienda Birere, kule kwenye maduka, ukaomba dukani "rangi ya maji", utapewa ndoo ya kupaka ukuta. Hizi zetu ni vile vidonge vilivyopangwa kwenye kisanduku, au tyubu ndogo. Ndani yake mna unga wa rangi uliosagwa laini sana, ukashikanishwa kwa gundi inayotoka kwenye mti wa mgunga, ambayo wafanyabiashara huiita gamu arabiki. Gundi hiyo huyeyuka kwenye maji, hukauka, na ukiigusa tena kwa maji huyeyuka tena. Hilo la kuyeyuka tena lishikeni, tutalikuta mbele.

Sasa niwaambie yaliyonipata mimi. Nilikuwa msichana. Nilipata kisanduku cha rangi 12, vile vya watoto wa shule, na karatasi nyeusi ya kazi za mikono. Nikachora maua ya bugenvilia yaliyokuwa yameukalia ukuta wa jirani. Rangi ilipokuwa mbichi iliwaka, nikaona nimefanya jambo kubwa. Nikaiweka karatasi juani, nikachukua bidoni nikaenda kuteka maji. Niliporudi, karatasi ilikuwa nyeusi. Niliinua, nikaigeuza upande wa mwanga: maua yalikuwamo, lakini kama doa la chai kwenye kitambaa cheusi. Nililia. Nilidhani sina mkono wa kuchora, na nikaacha kwa muda mrefu. Hakuna mtu wa kuniambia kwamba mkono haukuwa na kosa lolote. Ndiyo maana leo nasimama mbele yenu, ili asitokee hapa mtu wa kuacha kwa sababu ile.

Sikilizeni jinsi inavyokwenda. Rangi ya maji ya kawaida ni kama kitambaa chepesi kinachoonyesha upande wa pili. Mwanga hupita ndani yake, hufika kwenye karatasi nyeupe, hugonga, hurudi kwenye jicho lako ukiwa umebeba rangi. Karatasi nyeupe ndiyo taa ya picha. Weka rangi ileile juu ya karatasi nyeusi: mwanga unapita, unafika chini, unamezwa. Hakuna kinachorudi. Ikiwa bado mbichi inakudanganya, kwa kuwa maji yamezishika chembe za rangi juu juu na yenyewe yanametameta. Maji yakiondoka, chembe zinashuka kwenye nyuzi za karatasi, na giza linashinda.

Kwa hiyo juu ya nyeusi tunahitaji rangi yenye mwili, rangi inayofunika. Kuna guashi, ambayo ni ndugu wa rangi ya maji, gundi ni ileile, ila imejazwa unga mwingi hadi haipitishi mwanga. Ukiipata, anza nayo, utajiepushia machozi. Lakini hata ndani ya kisanduku chako cha kawaida, rangi hazifanani tabia. Manjano na nyekundu za kadmiamu hufunika vizuri. Bluu ya seruliamu, kijani cha kromiamu, na zile rangi za udongo za manjano na za wekundu wa matofali nazo zina mwili. Kwenye tyubu nyingi utaona kijimraba kidogo kwenye lebo: kikiwa kitupu, rangi hiyo inapitisha mwanga, kikiwa kimejazwa cheusi, inafunika, kikiwa nusu, iko katikati. Kisanduku kisicho na lebo kijaribu mwenyewe. Kata ukanda wa karatasi nyeusi, weka mstari wa kila rangi, acha ikauke, ubandike ukanda huo ndani ya kifuniko. Usiiamini rangi uliyoiona mbichi. Na hii ya kadmiamu, wazazi nawaomba: mtoto asilambe brashi ili kuichongoa ncha. Kadmiamu ni sumu. Ncha inachongolewa kwa maji na kitambaa.

Lakini mwenzako wa kweli ni rangi nyeupe. Zamani wachoraji wa rangi za maji walitegemea nyeupe ya risasi, na ile ilikuwa na ubaya wa kugeuka nyeusi baada ya muda. Mwaka 1834 kampuni ya Winsor & Newton ya London ilianza kuuza nyeupe ya zinki, wakaiita nyeupe ya China, na mpaka leo mtaiona na jina hilo. Ni safi, ila juu ya karatasi nyeusi ni dhaifu kidogo, ukiipaka nyembamba inakuwa kama moshi wa bluu. Ya titaniamu, iliyokuja karne ya 20, ndiyo yenye nguvu. Mkiwa na pesa za tyubu moja tu, nunueni nyeupe ya titaniamu. Narudia, tyubu moja tu, basi iwe hiyo.

Sasa anayeanza akishapata nyeupe hufanya kosa ambalo nami nililifanya kwa mwaka mzima: anaichanganya katika kila rangi. Ni kweli rangi inaonekana, lakini nyekundu yake inakuwa ya waridi, bluu inakuwa ya shati la shule, kijani kinakuwa cha dawa, na picha nzima inaonekana imemwagiwa maziwa. Mkitaka nyekundu ibaki nyekundu, fanyeni hivi. Pakeni nyeupe peke yake mahali pale tu ambapo ua litakaa. Iacheni ikauke kabisa. Kisha chukueni nyekundu ya kawaida, nyembamba, mpitishe juu yake mara moja tu, mwondoe mkono. Mara moja! Kumbukeni gundi inayeyuka tena: ukisugua, nyeupe ya chini inaamka, inachanganyika, na umerudi kwenye maziwa. Ukipita mara moja, nyekundu inakaa juu ya nyeupe, mwanga unagonga na kurudi, ua linawaka. Umejitengenezea karatasi nyeupe yenye ukubwa wa ua, katikati ya giza. Siku niliyogundua hili nilikimbia kumwonyesha mama yangu jikoni, mkono ukiwa bado na rangi.

Naam, mama, nakuona umeinua mkono.

Huyu mama anauliza: "Mwalimu, tyubu hizo zinapatikana kwa shida na ni ghali. Je, ile nyeupe ya ndoo ya ukuta haiwezi?" Mama, aksanti kwa swali hilo. Inaweza, na mimi nimeitumia. Chukua ile isiyong'aa, kijiko kimoja kwa fundi wa rangi aliyebakiza ndoo, iongeze maji kidogo, paka kama chini ya ua tulilosema. Tena ina faida moja: ikishakauka haiyeyuki, kwa hiyo rangi ya juu unaweza kuigusa hata mara mbili bila kuiamsha. Ila ioshe brashi yako palepale, kabla hata hujapiga simu, maana ikikaukia kwenye brashi imeua brashi. Na chaki ya shule iliyosagwa, ikachanganywa na gundi ya mgunga, nayo husaidia. Yenyewe hufanya kinyume, mbichi inaonekana kijivu, ikikauka inaiva na kuwa nyeupe. Watoto wanaweza kuitumia bila hofu.

Na kama karatasi nyeusi yenyewe haipatikani? Paka karatasi nyeupe nzito kwa wino mweusi, ule wa kuchorea usiotoka kwa maji. Ukikauka, lowesha kidole, sugua pembeni. Kidole kikitoka kisafi, endelea. Kikitoka cheusi, usiitumie, itachafua kila rangi utakayoweka. Jaribio hilohilo lifanyieni karatasi nyeusi ya dukani, kwa sababu kuna zinazotoa rangi zikiloa. Uzito mzuri ni gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi kuliko hapo hujikunja, basi ibandike pande zote nne kwa skochi juu ya ubao kabla ya kuanza, na tumia maji kidogo. Penseli ya kawaida iacheni, mistari yake inang'aa juu ya nyeusi na haifichiki. Chukueni penseli nyeupe, mkono mwepesi. Hayo ya vifaa yatosha. Njooni karibu mtazame mkono.

Nani amewahi kukaa Kituku, kando ya Ziwa Kivu, usiku akatazama maji? Karibu wote. Mnaijua basi ile hali: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, wavuvi wanatoka jioni wakiimba na kupiga kasia, giza likiingia taa zinawashwa, na sambaza, wale samaki wadogo, wanapanda kuufuata mwanga. Sambaza mwenyewe si mwenyeji wa Kivu, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani wetu hajalelewa kwa sambaza? Picha hii inaifaa karatasi nyeusi kuliko picha zote, kwa sababu usiku tayari umo. Mtu akiichora juu ya karatasi nyeupe atapaka giza saa mbili nzima kabla ya kufika kwenye taa. Sisi tunaanzia kwenye taa.

Nachukua brashi ya duara namba 4. Naichovya, naikung'uta kwenye ukingo wa kikombe, naigusisha kitambaa. Isidondoshe. Rangi nyeupe kiasi cha punje ya mchele, uzito wake kama uji wa mtoto. Naweka nukta moja hapa, juu kidogo ya katikati. Ni ndogo, wengine mnaona ni ndogo mno, lakini taa iliyo mbali ni ndogo hivyo. Naweka ya pili, na ya tatu kule, umbali usilingane. Sasa nasubiri. Kujua kama imekauka, iguseni kwa mgongo wa kidole, namna mama anavyopima homa ya mtoto. Ikiwa na ubaridi, bado ina maji.

Imekauka. Nachukua manjano, nazungushia ukingo wa nukta, moyo wake nauacha mweupe. Sasa angalieni hapa, hapa ndipo pagumu. Ule mwanga unaosambaa kuizunguka taa, naupata kwa brashi karibu kavu. Manjano ya udongo, tone la nyekundu, naifuta brashi kwenye kitambaa mpaka inabaki kama haina kitu, halafu naisugua hewani tu, inaigusa karatasi kidogo sana. Mnaona inavyoshika kwenye vinundu vya karatasi na kuacha mashimo meusi? Yale mashimo ndiyo yanayofanya ionekane ukungu. Ukiijaza yote unapata chungwa.

Maji. Kivuli cha taa ndani ya ziwa kinakaa chini yake wima, hakiendi pembeni. Naweka vistari vifupi vya kulala, kimoja chini ya kingine, vya juu vimekaribiana, vya chini vimeachana na vinafifia. Na visiwe vyeupe kama taa yenyewe. Maji yanarudisha sehemu tu ya kile yanachopokea, kwa hiyo taa ya ndani ya ziwa siku zote ni fukara kuliko taa ya juu. Ukizifanya sawa, jicho litakataa hata kama mtu hajui kwa nini.

Mwisho, kijivu chenye wekundu kidogo: mstari mmoja mwembamba, ukingo wa mtumbwi unapopata mwanga. Na mguso mmoja hapa, bega la mvuvi. Basi, naweka brashi chini.

Mtumbwi uko wapi? Mnanionyesha wote kwa kidole, na sijauchora. Mvuvi ana kichwa, ana mgongo, ana miguu, na sijaichora. Giza limevichora. Hili ndilo nililowaitia hapa: juu ya karatasi nyeusi unaweka mwanga pale tu ulipoanguka, kisha unajizuia. Kujizuia ni kugumu kuliko kupaka. Mkono utakuwasha ujaze, uzungushie mstari mtumbwi mzima, umpe mvuvi macho. Nimewaona vijana wenye kipaji wakiua picha nzuri kwa dakika tano za mwisho. Ukijiona unaongeza kitu kwa sababu unaogopa watu hawataelewa, simama, enda nje, kunywa maji, urudi.

Kuna rangi nyingine mtakazokutana nazo, zile za kung'aa kama magamba. Zinatengenezwa kwa vipande vidogo mno vya maika, madini yanayometa, vilivyovikwa utando wa oksidi ya titaniamu. Juu ya nyeupe nyingi hazionekani, juu ya nyeusi zinameta. Watu wakizigundua hawataki tena kingine, na picha zao zinafanana zote. Mimi nazipenda kwa jambo moja: lundo la sambaza mbichi kwenye beseni. Hapo ni rangi hasa ya kitu chenyewe. Lakini kikombe chake cha maji kiwe peke yake, la sivyo vile vimeta vitaingia katika kila rangi yako.

Mtaniuliza kuhusu mlima, najua. Watoto wameshaanza kuchora Nyiragongo, mlima wetu wa moto, kabla sijamaliza kusema. Usiku, mwanga wake unapogonga moshi, hakuna kitu kinachokwenda na karatasi nyeusi kama huo. Nitawapa neno moja la ufundi: lava ikiwa na joto kali kabisa inaelekea manjano, ikipoa inakuwa ya chungwa, kisha nyekundu iliyoiva, kisha inakuwa makoro. Kwa hiyo manjano iwe kwenye moyo na nyekundu kwenye ukingo. Wanaoanza wengi wanaiweka kinyume na moto wao unakuwa baridi. Moshi nao upokee wekundu upande wa chini tu.

Lakini humu ndani kuna watu waliokimbia tarehe 17 Januari 2002, lava ilipokata mji katikati mpaka ziwani. Kuna waliokimbia usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Kuna ambao nyumba yao iko chini ya mawe tunayotembea juu yake. Sitamlazimisha mtu yeyote kuchora mlima. Mama mmoja aliyejifunza hapa alichora bugenvilia kwa miezi. Siku moja, bila kuambiwa, akachora mlango wa nyumba yake ya zamani, mlango tu, wa bluu, katikati ya karatasi, na kando yake wekundu kidogo kama kitu kinachokuja. Hatukusema neno. Niliibandika ukutani na yeye akakaa mbele yake mpaka jioni. Kila mtu ana saa yake.

Na msidhani kazi hii ni ya kigeni tunayoiazima. Miongoni mwa michoro ya kwanza ya Wakongo iliyochorwa kwenye karatasi na kutazamwa Ulaya ni ile ya rangi za maji. Albert Lubaki alikuwa mchonga pembe za ndovu, Bukama, huko Katanga. Mwaka 1926 ofisa mmoja Mbelgiji, Georges Thiry, aliona michoro kwenye kuta za nyumba, akawapa Lubaki na mkewe Antoinette karatasi na rangi. Mwaka 1929 kazi zao zilionyeshwa Brussels. Mkipata nafasi ya kuziona, angalieni nafasi wanayoiacha tupu: mnyama anasimama peke yake, na karatasi inabaki karatasi. Walijua kujizuia kabla hatujazaliwa.

Tena mwaka 1946, kule Lubumbashi ilipokuwa bado inaitwa Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar. Mwenze Kibwanga alijenga picha zake kwa vistari vifupi vifupi vilivyolala pamoja. Bela Sara alichovya vidole na kuchora kwa nukta. Pilipili Mulongoy, na ndege na samaki wake, naye alijaza nyuma kwa alama ndogo ndogo zisizohesabika. Wao hawakuwa kwenye karatasi nyeusi wala kwenye shida yetu, lakini ufundi wao unatutatulia shida yetu. Ikiwa rangi inaamka kila ukiisugua, usisugue. Weka nukta, weka kistari, weka kingine pembeni, jicho ndilo litakalochanganya. Kwa wiki mbili za mwanzo nataka mchore kwa nukta na vistari tu.

Nimebakiza kitu kimoja, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Uso.

Nilipojifunza kuchora nyuso zetu juu ya karatasi nyeupe, nilifundishwa kuanza na weupe na kuongeza giza, kuongeza giza, mpaka ifike ngozi ya mama yangu. Miaka yote hiyo nilihisi namchafua. Samahanini, lakini ndivyo nilivyohisi: kana kwamba uso wake ni uso mweupe uliozidishiwa kitu. Siku ya kwanza nilipomchora kwenye karatasi nyeusi, amekaa karibu na jiko la makaa, sikuongeza giza lolote. Karatasi ilikuwa tayari ni yeye. Niliweka mwanga kwenye paji la uso, kahawia yenye wekundu na nyeupe kidogo sana. Nikaweka kwenye mfupa wa shavu. Mgongo wa pua, mguso mmoja. Mdomo wa juu. Upande ule mwingine, mlango ulipokuwa wazi, nikaweka bluu nyembamba chini ya taya, kwa sababu jioni ndani ya ngozi yetu kuna bluu, tazameni vizuri mtaiona. Uso ukatoka gizani ukanijia. Mpaka leo picha hiyo haijauzwa na haitauzwa.

Katika uso, nyeupe tupu isizidi mahali pawili: kimeta cha jicho na ncha ya mdomo wa chini ukiwa na unyevu. Weupe wa jicho si mweupe, ni kijivu cha joto. Ukiupaka nyeupe, mtu atakuwa ameshtuka milele. Na nywele, zikiwa zimesukwa, msifuate kila msuko. Fuateni mwanga unavyoruka kutoka msuko hadi msuko.

Picha zikikauka msizianike kwenye jua kama nguo. Weusi wa karatasi za bei ndogo unapauka juani na kugeuka kahawia. Zikae ndani, na karatasi safi katikati ya picha moja na nyingine.

Saa kumi na mbili imekaribia, giza linaingia, na nililingojea kwa makusudi. Wewe kaka uliye karibu na dirisha, rudisha pazia tafadhali. Wale wa mlangoni, fungeni. Nitawasha mshumaa mmoja kwenye kila meza. Geukeni mtazamane wawili wawili. Watoto, mkae na mzazi. Msishike brashi bado. Mtazame mwenzako mpaka uone ni wapi mwanga umemgusa na ni wapi haukumfikia kabisa. Chukueni nyeupe, kiasi cha punje ya mchele, na kahawia kidogo. Anzeni na paji la uso.